Msomaji na Mwongozi Wake: Habari za Mafundisho ya Wanafunzi wa Ubatizo



Katika sherehe za Yubilei husimuliwa sana habari za majengo, za mapadre wa kwanza na za maaskofu. Hayo ni haki yao. Lakini mimi ni katekista wa Qurus, na kazi yangu ni kukaa na watu walio wapya katika dini. Kwa hiyo nimeomba nafasi niandike habari za mtu yule ajaye mlangoni kwa mara ya kwanza na kuuliza, “Nifanye nini?” Wakristo wamempokeaje mtu huyo tangu zamani? Walimpa kitabu gani, na ni nani aliyekwenda pamoja naye?

Habari ya kwanza imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Mtu wa Ethiopia, mtunza hazina wa malkia Kandake, alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu. Ameketi garini, anasoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo alipomwuliza kama anafahamu asomayo, yule mtu alikiri kwamba hawezi kufahamu pasipo mtu wa kumwongoza. Tazameni, alikuwa mwenye cheo, mwenye kitabu, tena mwenye kujua kusoma; hata hivyo alipungukiwa na mwongozi. Naye Filipo hakumfundisha kwa kusimama barabarani. Alipanda garini, akaketi karibu naye, akaanza kwa maneno yale yale aliyokuwa akiyasoma. Sisi Wairaqw twaipenda habari hii kwa sababu nyingine pia, maana wataalamu wa lugha huihesabu lugha yetu kuwa ya jamii ya Kikushi, pamoja na lugha nyingi za Ethiopia na Somalia.

Katika karne za kwanza Kanisa halikuwabatiza watu wazima kwa haraka. Wanafunzi wa ubatizo, ndio wakatekumeni, walifundishwa muda mrefu, pengine miaka 3, na mwenendo wao ulipimwa kabla ya Pasaka. Mnamo mwaka 400 hivi shemasi mmoja wa Karthago, jina lake Deogratias, alimwandikia Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini. Alilalamika kwamba kazi ya kuwafundisha wapya yamchosha, na kwamba maneno yake mwenyewe yamekuwa kama chakula kisicho na chumvi. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima. Alimwambia kwamba mwalimu afundishe kwa furaha. Mtu aliyekwisha soma aulizwe kwanza amesoma vitabu gani. Na msikilizaji akichoka kusimama, apewe mahali pa kuketi. Imepita miaka zaidi ya 1600, na kila katekista aliyefundisha saa tisa za mchana wakati wa kiangazi ajua ya kuwa shauri hilo lingali jema.

Kardinali Lavigerie alipowatuma Mapadre Weupe katika bara ya Afrika mwaka 1878, aliwaamuru waifuate desturi hiyo ya kale. Mtu afundishwe miaka 2 kama mwenye kuomba kupokewa, kisha miaka 2 kama mkatekumeni, ndipo abatizwe. Wengi waliona muda huo ni mrefu mno. Lakini yaliyotokea Buganda yalionyesha faida yake. Mapadre walifika huko mwaka 1879, na mwishoni mwa mwaka 1882 walilazimika kuondoka. Waliporudi mwaka 1885 waliwakuta wanafunzi wamezidi kuwa wengi, maana Waganda wenyewe walikuwa wamefundishana. Kule Mityana, Mathias Kalemba Mulumba, Luka Banabakintu na Noe Mawaggali mfinyanzi waliwakusanya jirani zao na kuwaongoza. Hapakuwa na padre wala shule. Palikuwa na watu waliokwenda pamoja na watu.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, pale Munyonyo, Karoli Lwanga aliona ya kuwa kifo ki karibu. Basi aliwabatiza vijana wakatekumeni waliokuwa chini ya uangalizi wake, akiwamo Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Katika nchi ile Wakristo waliitwa “basomi”, yaani wasomaji, na Wakikuyu wa Kenya waliwaita wao “athomi”, maana yake ni ile ile. Ukristo na kitabu viliingia mlango mmoja. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Kwa kazi ya Askofu Steere na wenzake wa Unguja, Biblia nzima ilitoka mwaka 1891. Ikafuata ya Mombasa mwaka 1914, ya Roehl mwaka 1937, na ile ya Muungano mwaka 1952. Katika miaka ya 1990 ikatoka Biblia ya Habari Njema, iliyofanywa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja.

Kwetu, injili ililetwa na Mapadre Weupe mwanzoni mwa karne ya 20, nao wakajenga misioni Tlawi, karibu na Mbulu. Wairaqw walikuwa wakitoka Irqwar Da'aw, nchi ya wazee wetu, wakienda kaskazini kutafuta mashamba na malisho, hata wakaijaza nchi hii ya Karatu. Mwaka 1943 ilianzishwa Prefektura ya Mbulu, ikakabidhiwa Wapalotini. Mwaka 1953 ikawa Jimbo, na Patrick Winters akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka 1971 akafuata Nicodemus Hhando, mwana wa nchi hii.

Lakini wazee waliokuja kufundishwa hawakuwa mikono mitupu. Walijua slufay, yale maombi marefu ambayo mzee huyanena mbele ya watu nao wakamwitikia. Mtu awezaye kuchukua moyoni maneno mengi namna hiyo si mjinga kwa sababu hakujifunza herufi. Jambo hili mimi nililisahau, na sasa yanipasa nilikiri.

Nilipokuwa katekista mpya, mzee mmoja wa Qurus alikuja kwangu baada ya ibada, akasema ataka kubatizwa. Nikampa Katekisimu, nikamwambia, “Soma kurasa kumi, mzee, uje Jumamosi.” Jumamosi hakuja, wala iliyofuata. Nikaandika katika daftari langu kwamba hana nia. Ikapita karibu miezi mitano. Siku moja mjukuu wake, msichana wa darasa la tano, alinirudishia kile kitabu kimefungwa vizuri katika kitambaa, akasema, “Babu ameniambia nikurudishie, mwalimu, kisiharibike. Yeye hajui kusoma.”

Niliona aibu kubwa. Jioni ile nilikwenda nyumbani kwake, nikamwambia, “Babu, nisamehe. Sikukuuliza.” Akanijibu kwa upole, “Nami niliona haya kukuambia mbele ya vijana.” Tukakubaliana hivi: mjukuu atamsomea kipande kifupi kila jioni baada ya kukamua, naye ataweka maswali yake, na kila Jumatano nitakwenda mimi, tuyazungumze kwa Kiiraqw. Maswali yake yalikuwa mazito kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Alitaka kujua kama Yesu aliwajua waliokufa kabla ya habari zake kufika kwetu. Alitaka kujua amfanyeje ndugu yake wasiyesemezana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Swali la pili hatukulijibu kwa kitabu. Alikwenda kwa ndugu yake. Alibatizwa usiku wa Pasaka, na mjukuu wake alikuwa amesimama karibu yake.

Tangu siku ile nimelichunguza daftari langu. Mna majina mengine niliyoyaandikia maneno yale yale, “hana nia.” Wengine nimewatafuta, nikawapata. Wengine wamehama, na sijui walikokwenda. Hao nawaombea.

Baba wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, waliagiza kwamba mafundisho ya watu wazima yarudishwe katika hatua zake, na mwaka 1972 ukatolewa utaratibu wake. Kuna wakati wa kusikia kwanza na kuuliza; kisha wakati wa katekumenato; kisha Kwaresima ya kutakaswa na kuangazwa; kisha, baada ya sakramenti za Pasaka, wakati wa kuyatafakari mafumbo waliyoyapokea. Tusiuache huu wa mwisho. Aliyebatizwa juzi angali mtoto mchanga, naye anahitaji mkono.

Walimu wenzangu wameniuliza, mtu mpya aanze kusoma wapi. Kwa haya niliyoyaona, nashauri hivi. Aanze na Injili ya Marko, iliyo fupi kuliko zote, sura 16 tu. Kisha asome Luka na Matendo ya Mitume, maana ni kazi ya mwandishi mmoja, nayo yaeleza jinsi habari ilivyotoka Yerusalemu ikaenda mbali. Kila siku asali Zaburi moja. Ndipo arudi kwenye Mwanzo na Kutoka. Kitabu cha Walawi na cha Ufunuo visiwe vya kwanza. Wengi walioanza huko waliishia huko. Asisome kingi: kipande kidogo chatosha, na swali moja la kumletea mwongozi wake. Asiyejua kusoma atafutiwe mtu wa nyumbani wa kumsomea, maana imani huja kwa kusikia.

Nanyi wasimamizi, kazi yenu si kuvaa vizuri siku ya ubatizo tu. Filipo alipanda garini. Nanyi ingieni katika nyumba za watoto wenu wa ubatizo, mjue wanalima wapi, wanagombana na nani, wanaogopa nini.

Katika Yubilei hii tunamshukuru Mungu kwa vitabu alivyotupa. Tumwombe atupe pia miguu ya kuwafuata watu tuliowapa. Amina.