Taa ya Nyanya Ilikuwa na Laini ya Simu

Desemba iliyopita nilienda ushago kumwona nyanya, na kama kawaida nikakabidhiwa kila kitu kilichoharibika nyumbani: redio, chaja mbili, na kisanduku cha sola alichomaliza kukilipia kitambo. Kisanduku hakikuwa na kosa, betri ilikuwa imezeeka tu. Nilipokifungua kwa bisibisi, nyanya akaona kadi ya simu ndani.

"Mjukuu wangu, kumbe hii taa ina laini? Imekuwa ikimpigia nani miaka yote hii?"

Nilicheka, lakini swali lilikuwa zito. Leo nataka kulijibu, na jibu linaturudisha hadi 1981.

Herufi mbili za zamani

Niliipa ile moduli ya simu umeme, nikaiunganisha na kipakatalishi changu, nikaandika herufi mbili: AT. Ikajibu: OK. Yeyote aliyewahi kucheza na modemu anaijua salamu hiyo. Ilitoka katika kampuni ya Dennis Hayes, jimbo la Georgia, Marekani, iliyouza modemu ya Smartmodem kuanzia 1981. Tatizo lao lilikuwa hili: waya ni mmoja, na unabeba maneno ya kupelekwa upande wa pili pamoja na amri za modemu yenyewe. Modemu itajuaje lipi ni lipi? Wakaamua kila amri ianze na AT, kama mtu anavyosema "hebu sikiliza" kabla ya kutoa agizo.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini watu wa GSM walipotunga viwango vyao walirithi amri hizo, wakaongeza zao. ATD hupiga simu, AT+CMGS hutuma ujumbe mfupi. Ndiyo maana taa ya nyanya ilinielewa.

Mashine zapata simu

Simu ya kwanza ya GSM ya kibiashara ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Tarehe 3 Desemba 1992, mhandisi Neil Papworth akatuma ujumbe mfupi wa kwanza kupitia mtandao wa Vodafone, Uingereza: salamu za Krismasi. Ujumbe huu wa herufi 160 unaifaa mashine sana. Unapita kwenye njia ambazo simu hutumia kuelewana na mnara, na ikiwa mpokeaji amezimwa, unahifadhiwa hadi aamke. Mashine haina maneno mengi. "Maji yamejaa." "Mlango umefunguliwa." Yatosha.

Mwaka 1995 Siemens ya Ujerumani iliunda idara ya kutengeneza moduli ya GSM iliyoitwa M1, isiyo na vitufe wala kioo, ya kuwekwa ndani ya mashine nyingine. Mwaka uliofuata General Motors ikaanza kuuza magari ya Cadillac yenye huduma ya OnStar: mfuko wa hewa ukifumuka kwenye ajali, gari lenyewe linapiga simu kuomba msaada.

Halafu ukaja 2007. Mwezi Machi Safaricom ikazindua M-Pesa. Mwezi Novemba Amazon ikatoa Kindle, kisomeo cha vitabu chenye simu ndani. Mnunuzi hakuandikishwa laini wala hakulipa bili ya mwezi. Gharama ya mtandao ilifichwa ndani ya bei.

Hapa kwetu mambo haya mawili, pesa za simu na mashine yenye simu, yalikutana. M-KOPA ilianza kuuza sola nchini Kenya mwaka 2012. Mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, alikuwa Vodafone wakati M-Pesa inabuniwa. Mpango ulikuwa rahisi: unalipa pesa za kwanza, kisha kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa. Seva inapokea malipo, inakitumia kisanduku habari, taa zinawaka. Usipolipa, kisanduku kinajifunga hadi ulipe. Mama mboga ambaye benki haikuwa inamtazama akapata mkopo, na dhamana ni ile laini ndani ya kisanduku.

Basi nikamjibu nyanya: taa ilikuwa ikiongea na mwenye deni.

Nani ana ufunguo?

Sitaki mnisome vibaya. Bila laini ile nyanya angekaa na koroboi miaka mingine mingi. Lakini mlango uliofunguliwa kwa malipo ni mlango unaoweza kutumiwa kwa mengine pia. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za vitabu vya George Orwell, pamoja na 1984, kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha vinunua, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Walirudishiwa pesa, na kampuni ikaomba radhi. Hata hivyo wasomaji waligundua kuwa rafu yao ya vitabu ilikuwa na ufunguo wa pili.

Hatari nyingine ni mtandao wenyewe kufa. OnStar za mwanzo zilitegemea mtandao wa analogia. Kampuni za Marekani ziliporuhusiwa kuuzima 2008, magari yasiyoweza kubadilishwa yalinyamaza, ingawa injini zilikuwa nzima. AT&T ikazima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G Februari 2022. Kindle za kwanza, zisizo na Wi-Fi, zikabaki bila njia ya kupakua kitabu hewani.

Sasa linganisha na mita ya stima ya kulipia kabla. Unanunua tokeni, unabonyeza tarakimu 20, stima inarudi. Mita ya aina hiyo haihitaji mtandao wowote. Mtindo huu, uitwao STS, ulitoka Afrika Kusini, na tarakimu hizo zimebeba ujumbe uliofungwa kwa siri ambao mita inaufungua yenyewe. Wewe ndiye mnara. Hata hivyo nao ulikuwa na saa yake: ulihesabu dakika tangu mwanzo wa 1993 kwa biti 24, yaani dakika 16,777,216. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024, na mita duniani kote zikahitaji kuingizwa tarakimu maalum za kuanzisha hesabu upya. Hakuna kifaa kisichokuwa na siku yake.

Yanayokuja

Mwaka 2016 shirika la viwango la 3GPP lilikamilisha NB-IoT, mtandao wa simu kwa vifaa vyenye maneno machache. Unatumia kipande chembamba cha mawimbi, unapenya hadi mita ya maji iliyofukiwa, na umekusudiwa betri idumu hata miaka 10. Ni kazi nzuri, na sisi waandishi wa programu tutaitwa kuifanya. Kwa hivyo nimejiwekea maswali matatu kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Mtandao ukikatika, kifaa kifanye nini? Deni likiisha, nani anabaki na ufunguo? Na siku mnara utakapozimwa kabisa, mwenye kifaa atabaki na nini mkononi?

Nilimwekea nyanya betri mpya na waya wa moja kwa moja kutoka kwenye paneli, moduli nikaondoka nayo. Jioni taa zikawaka. Akaniuliza, "Sasa haiongei na mtu?"

Nikamwambia hapana, nyanya, sasa ni yako.

"Ilikuwa yangu tangu nimalize kulipa," akasema, akaenda kuongeza maji ya chai.