Safu ya Lugha: Kiraka si modi

Wanaorudia michezo ya zamani ya kompyuta siku hizi huita kila faili wanalopachika "modi". Neno limekatwa kutoka Kiingereza, likimaanisha badiliko, na linafaa pale mchezo unapogeuzwa: silaha mpya, sura mpya, kijiji ambacho hakikuwapo.

Kinachoziba kasoro ni kiraka. Fundi cherehani hukishona palipochanika. Hageuzi suruali kuwa kanzu. Ndivyo ilivyo kwenye michezo: mchezo wa Vampire: The Masquerade – Bloodlines ulitoka 2004 ukiwa na hitilafu tele, kampuni ya Troika iliyouunda ikafungwa 2005, na wapenzi wake wakaendelea kuutengenezea viraka kwa miaka mingi. Fallout: New Vegas wa 2010 nao mara nyingi huhitaji kiraka cha kuuruhusu utumie kumbukumbu ya GB 4 badala ya 2. Ukirundikiwa modi bila hicho, huzima ghafla katikati ya safari.

Nyongeza ni kitu kingine kabisa: sehemu iliyotolewa na wenye mchezo wenyewe, kama Dead Money ya Fallout: New Vegas.

Basi anayeomba msaada aseme kilichomkwamisha ni kipi kati ya hivyo vitatu, na aweke viraka kwanza, modi baadaye.