Dola 110, kadi na foleni: walichopewa waliobeba bunduki Masisi na Walikale

Dola 110 siku ya kutoka kambini, kisha dola 25 kila mwezi kwa miezi 12. Ukijumlisha ni dola 410. Kwa kijana wa Masisi au Walikale, mashariki mwa Kongo, aliyetoka msituni katikati ya miaka ya 2000, hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kurudi kuwa raia. Malipo ya kila mwezi yalipitia kampuni ya Celpay, kwa mtambo wa simu, wakati vilima vingi vya huku vilikuwa havijaona hata mnara mmoja wa mtandao. Mtu alishuka kwa miguu siku nzima na kadi yake mfukoni, akafika palipo na wakala, akapanga foleni. Kama mtandao umekata, alilala hapo hapo.

Ukimtajia mzee wa huku "mafao ya wanajeshi", atakuuliza kwanza: ya nani? Maana Kivu Kaskazini kuna milango miwili. Mmoja ni wa askari wa serikali, mwenye namba ya jeshi na sheria inayomwahidi pensheni. Wa pili ni wa yule aliyepigana nje ya jeshi na kuitwa aweke silaha chini. Mlango wa kwanza ni wa zamani zaidi, lakini wa pili ndio uliopitisha maneno mengi zaidi. Na mtu mmoja anaweza kuwa amepita yote miwili, tena mara mbili mbili.

Ule wa kwanza ulifunguliwa na Wabelgiji. Force Publique, jeshi lao la kikoloni, iliwachukua vijana kwa mkataba wa miaka saba, ikawapeleka mbali na kwao makusudi, ili asiwepo wa kumwonea huruma ndugu yake siku ya kuamriwa kupiga. Mwaka 1916 vikosi vyake vilivuka kutoka Kivu na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba, huku nyuma yao ikienda misururu ya wapagazi waliobeba risasi, unga na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande. Askari aliyerudi angeweza kutarajia nishani. Mpagazi aliyerudi hakuwa na hata karatasi, na wengi hawakurudi. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Kongo walipigana Ethiopia, na Julai 1941 majenerali wa Italia wakasalimu amri mbele yao huko Saïo; kikosi cha tiba kikaenda mpaka Burma. Mmoja wa waliokwenda Burma, koplo Albert Kunyuku, alivishwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa tarehe 8 Juni 2022, akiwa na karibu miaka 100. Picha ilizunguka dunia nzima. Ilikuwa picha nzuri, ila miaka 77 ni mingi kumsubirisha mtu.

Pensheni za jeshi la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati wa Rais Mobutu, zile zilizokuwapo, hazikuuawa na sheria. Ziliuawa na noti. Septemba 1991 wanajeshi waliochoka kusubiri mishahara waliingia mitaani Kinshasa kupora, na miji mingine ikafuata. Mwishoni mwa 1992 Mobutu akatoa noti ya zaire milioni tano; waziri mkuu wake, Étienne Tshisekedi, akaikataa; Januari 1993 askari wakalipwa kwa noti hiyo hiyo, wenye maduka wakaikataa pia, na uporaji wa pili ukaanza. Kufikia Oktoba mwaka huo zaire milioni tatu za zamani zilikuwa zimegeuzwa kuwa zaire moja mpya. Mstaafu aliyekuwa akihesabu fungu lake la mwezi alijikuta anahesabu nauli.

Miezi miwili tu baada ya uporaji ule, tarehe 20 Machi 1993, watu waliuawa katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, na vita vya Masisi vikaanza. Siyaweki matukio hayo mawili pamoja kwa sababu moja lilizaa lingine. Chanzo cha Ntoto kilikuwa ardhi, uraia na kura. Nayaweka pamoja kwa sababu ya hali ya dola iliyopaswa kuzima moto ule: jeshi ambalo halilipwi haliwezi kulinda soko. Kuanzia hapo kila jamii ilijitafutia vijana wake wa kuilinda, na vijana hao hawakuandikwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Daftari lilikuja baada ya vita viwili vikubwa. Desemba 2003 serikali ya mpito iliunda CONADER, tume ya kunyang'anya silaha, kuwaachisha wapiganaji na kuwarudisha uraiani. Benki ya Dunia na wafadhili waliweka dola milioni 200. Mpiganaji alifika kituoni, akakabidhi silaha, akaulizwa swali moja kubwa: jeshi au uraia? Aliyechagua jeshi alipelekwa kwenye brassage, neno la Kifaransa ambalo kila mtu wa Kivu analijua, yaani kuchanganywa na waliokuwa adui zake jana ili wawe brigedi moja. Masisi yenyewe ilikuwa na kituo cha namna hiyo, Mushaki, juu ya barabara ya kutoka Sake. Aliyechagua uraia alipewa kadi, zile dola 110, na ahadi ya sehemu ya mwisho: mafunzo ya kazi, cherehani, mbuzi, majembe, zana za useremala.

Zaidi ya watu wazima 100,000 walipita mlango huo nchi nzima, na watoto wapatao 30,000. Lakini sehemu ya mwisho ndiyo iliyokwama. Fedha zilikwisha kabla ya majembe kufika kwa wengi wao, shutuma za matumizi mabaya zikaiandama tume, na mwaka 2007 CONADER ikavunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na kitengo kidogo zaidi. Mwenye kadi alibaki na kadi. Wengine waliitunza kwenye mfuko wa plastiki miaka mingi, maana huwezi kujua. Labda siku moja gari litapanda kilima na mtu atasoma majina.

Hapa Walikale inatoa somo lake, na halihitaji mwalimu. Wilaya hii peke yake ni zaidi ya theluthi moja ya jimbo, msitu mtupu, na mwaka 2002 madini ya bati yaligunduliwa katika kilima cha Bisie. Ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara kuu pale Kilambo na kuondoka na magunia. Kilima kilishikwa na brigedi ya 85, wanamgambo wa zamani wa Mai-Mai chini ya kanali Samy Matumo, ambao kwa jina walikuwa jeshi la serikali lakini walikataa brassage. Kwa nini wakubali? Kwenda kuchanganywa kulikuwa ni kuacha kodi ya kila gunia linaloshuka kilimani. Mpaka 2009 walikuwa bado pale, na walipoondolewa nafasi yao ilichukuliwa na askari waliotoka CNDP, waasi wa Masisi na Rutshuru walioingizwa jeshini haraka haraka mapema mwaka huo. Dola 25 kwa mwezi haziwezi kushindana na shimo la bati. Mtu yeyote aliyekuwa sokoni Mubi au Njingala angewaambia hivyo walioandika mpango Kinshasa na Washington, tena bure.

Na vijana wa huko waliona pia kilichotokea kwa walioingia jeshini kwa kundi zima. Mkubwa alipata cheo. Aliyebaki msituni naye alikitafuta kwa kura. Ntabo Ntaberi Sheka, mfanyabiashara wa madini aliyegeuka mkuu wa kundi, aligombea ubunge wa Walikale mwaka 2011, hali watu wa Luvungi na vijiji vya jirani walikuwa wakiuguza majeraha ya ubakaji wa halaiki wa siku zile nne za Julai na Agosti 2010. Alijisalimisha Julai 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ikamfunga maisha. Kati ya kijana mwenye kadi iliyochakaa na mkuu mwenye gari na kampeni, nani alikuwa akionyesha njia?

Kuna waliokosa hata kadi. Wasichana waliopika, waliobeba mizigo, waliozaa msituni na mara nyingi walioshika bunduki pia, walihesabiwa kama wake wa wapiganaji au hawakuhesabiwa kabisa. Wanawake katika orodha za CONADER walikuwa wachache mno. Watoto, wale tuliowaita kadogo, hawakupewa fedha, na kwa hilo naona walioamua walikuwa sahihi: fedha kwa mtoto aliyebeba bunduki ni tangazo la kuandikisha wengine. Walipewa hati ya kutoka katika kundi la silaha, kituo cha muda, na mtu wa kuwatafutia nyumbani. Ila kadogo aliyefikisha miaka 18 akiwa bado msituni alitoka akiwa mtu mzima, bila mlango wake.

Novemba 2013, waasi wa M23 waliposhindwa mara ya kwanza, mamia ya wapiganaji wa makundi mengine waliteremka wenyewe. Wengi walikusanywa Bweremana, ufukweni mwa ziwa, upande wa Masisi. Walikuja na silaha zao na matumaini yao, wakakuta mahema na njaa, na baada ya wiki kadhaa baadhi wakaanza kupanda tena vilima walivyoshuka. Mpango mpya wa taifa, wa awamu ya tatu, ulitaka wapelekwe mbali: Kitona, Kamina, Kotakoli. Jina la mwisho ndilo lililobaki midomoni. Kambi ya Kotakoli ilikuwa katika jimbo la Équateur la wakati huo, upande wa pili wa nchi. Wapiganaji wa mashariki walipelekwa huko mwaka 2013 pamoja na wake na watoto, na Oktoba 2014 shirika la Human Rights Watch lilitangaza kuwa zaidi ya 100 kati yao walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, watoto wakiwa wengi zaidi. Baada ya hapo, kumwambia mtu wa Lukweti au Pinga "panda lori tukupeleke kambini" kulihitaji ujasiri.

Mwaka 2019, Félix Tshisekedi alipoingia madarakani, walishuka tena. Safari hii walikusanywa Mubambiro, jirani na Sake. Julai mwaka huo magavana wa Kivu mbili waliunda tume yao ya pamoja ya majimbo, na hilo lilikuwa jipya: kwa mara ya kwanza jimbo lenyewe lilisema hawa ni wana wetu, tutawarudisha vijijini, si Équateur. Wazo lilikuwa zuri kuliko mfuko. Chakula kilipungua Mubambiro, na kilichotokea Bweremana kikajirudia.

Julai 2021, miezi miwili baada ya kutangazwa hali ya dharura iliyowapa majenerali utawala wa Kivu Kaskazini na Ituri, rais aliunda mpango mwingine, P-DDRCS. Ulikuja na kanuni mbili za kukata mzizi: hakuna tena kuingia jeshini kwa kundi zima na vyeo vyake, na msaada uende kwa kijiji, kwa aliyebeba bunduki na aliyeporwa naye sawasawa. Kwa maandishi, hakuna mpango uliowahi kuielewa Masisi vizuri kuliko huo. Kisha M23 ikarudi, na serikali ikawahitaji vijana wale wale iliotaka kuwanyang'anya silaha. Wakaitwa Wazalendo. Mei 2023 sheria ya akiba ya ulinzi ikawapa njia ya kuwa upande wa jeshi kihalali, na wakuu kama Guidon wa Walikale na Janvier Karairi wa Masisi wakaonekana hadharani wakiwa washirika wa serikali.

Kwa kulinganisha tu: mpiganaji wa FDLR, waasi wa Kinyarwanda, aliyeishi katika msitu ule ule wa Walikale akijisalimisha hupelekwa Mutobo, kaskazini mwa Rwanda, kwenye kituo cha tume iliyoanza kazi mwaka 1997 na ambayo haijabadilishwa jina kila rais anapohutubia. Mwenzake Mkongomani ameshapita CONADER, kitengo kilichoirithi, mpango wa awamu ya tatu, tume ya magavana, na P-DDRCS.

Turudi kwenye mlango wa kwanza, kwa askari halisi, yule mwenye sheria, na mjane wake. Sheria ya hadhi ya mwanajeshi ya 15 Januari 2013 inasema wazi: mwanajeshi ana pensheni, na akifa, mjane na yatima wana haki yao. Lakini haki hiyo inadaiwa kwa karatasi: hati ya kifo, cheti cha ndoa iliyosajiliwa, vyeti vya watoto, namba ya marehemu. Askari wengi wameoa kwa mahari na baraka za wazee, si ofisini. Wengi wamekufa porini ambako hakuna wa kuandika hati. Ndiyo maana ilizoeleka jina la marehemu kubaki kwenye orodha ya mishahara, mjane na kamanda wakielewana kimya kimya, kwa kuwa mshahara wa mfu ulikuwa wa uhakika kuliko pensheni ya mjane. Ujumbe wa Ulaya, EUSEC, uliokuja 2005, ulipotenganisha fedha na makamanda na kuwahesabu askari mmoja mmoja kwa alama za vidole, ulikuwa unapambana na wizi wa kweli. Ulikuwa pia unafunga, bila kukusudia, mfuko pekee wa baadhi ya wajane.

Kisha mishahara ikahamia benki, na benki zikawa Goma. Januari 2025 M23 iliteka Masisi-centre, na mwisho wa mwezi ikaingia Goma. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege pia. Tarehe 19 Machi waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mjane mwenye akaunti Goma na mwenye makazi Walikale sasa ana kadi ya plastiki inayofanana sana na ile ya CONADER: ina jina, ina namba, na dirisha la kuionyesha liko upande wa pili wa mstari wa vita.