Mlima Elgon: historia ya mpaka uliohamahama

Mlima Elgon ni volkano iliyozimika, imekaa juu ya mpaka wa Uganda na Kenya. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kina mita 4,321 na kiko upande wa Uganda. Mitaa ya Mbale, Namakwekwe ikiwa mmojawapo, haikioni kilele hicho. Inachokiona kila asubuhi ni genge la Wanale, tawi la mlima linalochomoza hadi ukingoni mwa mji. Wagisu huuita mlima wote Masaba, jina la babu yao, na vijana wao hutahiriwa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, msimu ukifunguliwa Mutoto, nje kidogo ya Mbale.

Juu kabisa kuna bonde la kreta lenye upana wa kilomita nane hivi. Bonde la namna hiyo lingeweza kuwa ziwa kubwa, ila ukingo wake wa mashariki umekatwa na mto Suam, na maji hutoka kupitia korongo hilo kuelekea Turkwel na hatimaye Ziwa Turkana. Yaliyobaki ni maziwa madogo na vidimbwi baridi, pamoja na chemchemi za maji moto karibu na Suam.

Mwaka 1890 Frederick Jackson na Ernest Gedge, watumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitafuta mali na mikataba, walivuka mlima huo. Ziwa dogo lililo juu ya mita 4,000 na kilele kilicho jirani nalo vikapewa jina la Jackson. Waaustria Rudolf Kmunke na Robert Stigler walifika Wagagai mwaka 1911. Vitabu huwaita watu wa kwanza kukipanda, ingawa wafugaji na wawindaji walikuwa wakitumia nyika za juu muda mrefu kabla ya hapo.

Serikali ya kikoloni iliitazama Elgon kama tangi la maji na ghala la mbao. Katika miaka ya 1920 na 1930 msitu ulitengwa kuwa hifadhi, na mstari ukapigwa kati yake na mashamba. Chini ya mstari kahawa ya arabika ilishamiri hata wakulima wakaunda Chama cha Ushirika cha Bugisu mwaka 1954. Juu yake watu waliendelea kufuata chipukizi za mianzi, malewa, ambazo hukaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Enzi za Idi Amin ulinzi ulilegea. Kahawa ikavushwa kwa magendo kwenda Kenya, ambako bei ilikuwa nzuri, na miti ikafyekwa maelfu ya hekta.

Kenya ilikuwa na hifadhi yake ya taifa upande wa pili tangu 1968. Uganda ilifuata mwaka 1993, ikaupandisha msitu wake wa kilomita za mraba zipatazo 1,100 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Kutoka 1994 shirika la FACE la Uholanzi lilifadhili upandaji wa miti ili kufidia hewa ya ukaa ya Ulaya. Waliokuwa wakilima mahali hapo hawakuiona fidia hiyo kuwa yao.

Walioumia zaidi ni Wabenet, wafugaji wa nyika za juu. Mwaka 1983 serikali iliwatengea hekta 6,000 hivi ili wahamie chini, lakini vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba eneo lililokaliwa lilikuwa karibu hekta 7,500. Mstari ukarudishwa, na waliojikuta nje yake wakafukuzwa. Oktoba 2005 Mahakama Kuu iliyoketi Mbale iliwatambua kuwa wenyeji wa asili wa eneo hilo na kuamuru ardhi yao iondolewe hadhi ya hifadhi. Hukumu ilikuwa wazi. Utekelezaji ukajikokota, na miaka mitatu baadaye watu walifukuzwa tena.

Mgeni wa leo huchagua njia tatu kuu za miguu. Ya Sasa, kutoka Budadiri, ni fupi na kali: hupanda ukuta wa Mudangi kwa ngazi, hulala kwenye kambi ya mto Sasa mita 2,900, kisha kwenye pango la Mude mita 3,500, kabla ya Ziwa la Jackson na Wagagai. Kwa kawaida huchukua siku nne. Ya Piswa huanzia Kapkwata, ni ndefu na mteremko wake ni wa pole. Ya Sipi hupitia msitu na pango la Tutum. Zote hutoka msituni, zikaingia mianzini, kisha kwenye nyika ya lobelia na seneko wakubwa kama miti. Askari wa hifadhi huongozana na wageni, na wabebaji mizigo ni vijana wa vijiji vya chini ya mstari. Wenye muda zaidi hushuka kupitia Suam hadi Kenya, mradi mamlaka za hifadhi za nchi zote mbili ziwe zimearifiwa mapema.