Rubani aliyeanguka mara mbili

Ndugu msikilizaji, wewe uliyeko Vigwaza hukosi kuujua Mto Wami, ule unaouvuka kwa daraja ukishapita Chalinze kwenda Tanga. Mwezi Novemba 1939 kijana mmoja wa Kiingereza, Roald Dahl, aliuvuka kwa chelezo, yeye na gari lake dogo la Ford, huku wanaume wa ng'ambo wakivuta kamba na kuimba. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell pale Dar es Salaam, na alikuwa anakwenda Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza.

Ulimwengu unamjua kwa hadithi za watoto. Mimi leo namtaka yule rubani.

Nairobi walimfundisha kurusha ndege ya Tiger Moth. Alikuwa mrefu mno, karibu mita mbili, kichwa kikachomoza juu ya kioo cha mbele, ikambidi ajifunge kitambaa puani ili apate kupumua. Wenzake katika mafunzo hayo, anasema, walikuwa kumi na watano. Katika miaka miwili, kati ya wote 16, 13 walikufa angani.

Naam, tufike kwenye kuanguka kwenyewe. Tarehe 19 Septemba 1940 alitumwa kuipeleka ndege aina ya Gladiator kwa kikosi namba 80, katika jangwa la Misri. Jua likazama kabla hajakiona kikosi, mafuta yakawa yanakwisha, akajaribu kutua mchangani. Ndege ikavunjika na kuwaka moto. Alipasuka fuvu, akawa kipofu kwa wiki kadhaa. Hakuna adui aliyemfyatulia risasi.

Agosti 1942 gazeti la Marekani, Saturday Evening Post, likachapa simulizi yake bila jina lake. Kichwa kilisema kwamba ameangushwa juu ya Libya, na ndani yake ndege inapigwa risasi. Hebu tazama alikuwa wapi wakati huo: Washington, katika ubalozi wa Uingereza, na kazi yake ilikuwa kuwavuta Wamarekani waipende vita ya Waingereza. Mtu aliyepotea njia hamvutii msomaji kama aliyepigwa risasi. Sisi wa vyumba vya habari tunakijua kishawishi hicho, wala tusijifanye malaika.

Mwaka 1986, katika kitabu chake Going Solo, alieleza wazi: alielekezwa mahali pasipo sahihi. Ilimchukua zaidi ya miaka arobaini. Hata hivyo namheshimu kwa ukurasa huo kuliko kwa ndege za adui alizoziangusha Ugiriki mwaka 1941.

Lakini katika kitabu hicho hicho anasimulia kwamba usiku vita vilipotangazwa, mtumishi wake wa Dar es Salaam, anayemwita Mdisho, alichukua upanga uliokuwa ukutani, akakimbia mpaka shamba la mkonge na kumuua Mjerumani mwenye shamba. Hapo mimi nasita. Habari nzito kama hiyo, na shahidi ni yule yule aliyewahi kutupa anguko lisilo sahihi. Rubani alipata nafasi ya kuisimulia ajali yake mara ya pili. Mdisho tunamsikia kwa kinywa cha bwana wake tu.