Malipo ya Mvumbuzi katika Michezo ya Kompyuta

Katika desturi yetu ya vitendawili, mtu ashindwaye kufumbua hutoa mji, na mwenye kutega akiisha kuupokea hutoa jawabu. Jawabu hilo ni lile lile ambalo mtu angalilipata kwa kuwaza. Lakini aliyefumbua na aliyeambiwa hawaondoki barazani na furaha moja. Tofauti hii ndogo yaweza kutusaidia kujibu swali la zama zetu: kwa nini watu wengi sana, wakubwa kwa wadogo, hukesha mbele ya kompyuta wakitafuta njia katika nchi zisizokuwako? Wapo wasemao kuwa huvutwa na hazina za mchezo, yaani dhahabu, panga na ngao. Nionavyo mimi, historia ya michezo yenyewe yatoa ushahidi mwingine, na ushahidi huo waanzia katika pango la kweli.

Pango hilo huitwa Mammoth Cave, nalo li katika jimbo la Kentucky, Marekani. Hapana pango lijulikanalo duniani lililo refu kuliko hilo. Njia zake zilizokwisha kupimwa zapita maili 420. Mwaka 1838 mwenye pango alimleta mtumwa wake, kijana aliyeitwa Stephen Bishop, awe kiongozi wa wageni. Siku zile safari za wageni ziliishia penye shimo la kutisha, ambalo watu walisema halina mwisho. Mwaka ule ule Bishop alilivuka kwa ngazi, na ng'ambo yake akafika mahali ambapo hapana mgeni aliyepata kufika. Baadaye akaona mito ipitayo chini ya ardhi, na ndani yake samaki wasio na macho. Mwaka 1842, akiwa mbali na pango, alichora ramani yake kwa kumbukumbu tu. Ramani ile ikapigwa chapa katika kitabu, na jina la mchoraji likatajwa.

Yafaa kutulia kidogo juu ya habari za mtu huyu. Pango halikuwa lake, wala mwili wake mwenyewe haukuwa wake. Pango lilipouzwa mwaka 1839, yeye naye aliuzwa pamoja nalo. Uhuru aliupata mwaka 1856, akafa mwaka uliofuata. Sisemi kuwa maarifa ya pango yalimlipa fidia ya utumwa, kwa kuwa hapana kiwezacho kulipa deni hilo. Nasema tu kwamba katika vyote alivyovigusa, kimoja hakikuweza kutengwa naye. Mnunuzi aliweza kununua mawe na giza. Njia za gizani zilikuwa kichwani mwa Bishop, kwa sababu alizipata kwa miguu yake.

Sasa na turuke zaidi ya karne moja, ila tusitoke Kentucky. Tarehe 9 Septemba 1972 watu sita waliingia katika mapango ya jirani, yaliyo chini ya kilima kiitwacho Flint Ridge. Walipita maji yaliyowafika vifuani, hata taa ikamulika chuma cha kushikilia kilichowekwa kwa ajili ya watalii. Ndipo walipojua kuwa wametokea Mammoth Cave, na kwamba mapango yaliyodhaniwa kuwa mawili ni pango moja. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Patricia Crowther. Mumewe, Bwana William Crowther, naye alipenda mapango, na kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Wote wawili walizoea kuingiza vipimo vya pango katika kompyuta ili ichore ramani.

Ndoa yao haikudumu. Bwana Crowther akabaki akiwakosa binti zake, na katika miaka ya 1975 na 1976 alitunga mchezo wa kompyuta awafurahishe. Mchezo ule haukuwa na picha hata moja. Kompyuta ilieleza kwa maandishi mahali mchezaji alipo. Mchezaji naye aliandika neno moja au mawili, kwamba aende kaskazini, au achukue taa. Pango la mchezo lilifuata sehemu ya kweli ya Mammoth Cave iitwayo Bedquilt. Mwaka 1977 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, Don Woods, aliuona mchezo huo bila ya kumjua mwenyewe, akapeleka barua kwa jina la Crowther katika kila kituo cha mtandao wa kompyuta wa wakati ule. Alipopata idhini aliongeza vyumba, hazina na maajabu, na jumla ya alama ikawa 350.

Katika mchezo huo mna mzingile ambao vyumba vyake vyote vimeelezwa kwa maneno yale yale. Mchezaji aingiapo hajui kama amesonga mbele au amerudi nyuma. Dawa yake ni kuacha kitu katika kila chumba, hapa funguo, pale chakula, kisha kuchora ramani juu ya karatasi. Mchezo haukumwambia kufanya hivyo. Alipaswa kukizua kitendo hicho mwenyewe. Basi mtu yule aliyeketi na kalamu yake alikuwa akifanya, kwa kadiri ndogo na bila ya hatari, kazi ile ile aliyoifanya Stephen Bishop.

Waliofuata walijifunza somo hilo. Warren Robinett aliucheza mchezo wa pango, naye akatunga mchezo wa picha uliotolewa na Atari mwaka 1980. Kampuni haikuwa ikitaja majina ya watunzi. Robinett akaficha ndani ya mchezo wake nukta moja ya kijivu, ndogo mno. Aliyeiona na kuichukua aliweza kupenya ukuta na kuingia chumba cha siri, akakuta humo jina la mtunzi. Chumba kile hakikuwa na dhahabu, nacho kimekumbukwa zaidi ya hazina nyingi. Mchezaji aliyefika humo alijua kuwa kuna mtu aliyemngojea. Huko Japani, Shigeru Miyamoto, aliyekulia Sonobe karibu na Kyoto na kuingia pangoni na taa yake utotoni, alisaidia kutunga mchezo wa Zelda, uliotoka mwaka 1986. Mchezaji aliachwa katika nchi pana bila ya kuambiwa aende wapi, na watoto wakawa wakipeana siri za mapango shuleni na majumbani.

Walakini kompyuta zilivyozidi nguvu, watunzi wengine walidhani ukubwa ndio utamu. Mwaka 2016 ulitolewa mchezo uitwao No Man's Sky, wenye sayari nyingi hata idadi yake huandikwa kwa tarakimu 20. Watu wengi walilalamika kuwa baada ya sayari chache walihisi wamekwisha kuziona zote. Na watunzi walifanya kazi miaka mingi kuutengeneza. Wengine walizidisha msaada. Katika mchezo wa Morrowind wa mwaka 2002, mtu alielekezwa njia kwa maneno, afuate mto, kisha atafute daraja. Katika Oblivion wa mwaka 2006, wa kampuni ile ile, mshale ulionyesha mahali penyewe. Simlaumu mtu aliyechoka na kazi ya mchana kwa kuupenda mshale. Lakini mshale ni jawabu la kitendawili lililotolewa kabla ya kitendawili kutegwa: mtu hufika, ila hakutafuta.

Ushahidi wangu wa mwisho ni mchezo wa Outer Wilds, wa mwaka 2019. Humo kila baada ya dakika 22 jua hupasuka, na mchezaji huanza upya mikono mitupu. Hapana upanga wa kuokota wala nguvu ya kuongeza. Milango iliyomshinda jana humfungukia leo kwa sababu moja tu, kwamba leo anajua. Angaliujua ukweli wote siku ya kwanza, angaliweza kufika mwisho siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Hazina ya mchezo hutoweka umeme ukikatika. Kinachobaki ni njia ambayo mchezaji aliipata mwenyewe, na kwa hiyo mtunzi mwema hana budi kuficha kwa uaminifu: asifiche kisichoweza kuonekana, wala asionyeshe kilichostahili kutafutwa. Akifanya hivyo, mgeni wake ataondoka na ramani kichwani, na hatakuwa ametoa mji.