Kipimo cha risasi katika damu

Uchunguzi wa kitabibu unaoonyesha kiasi cha risasi kilichoingia mwilini mwa mfanyakazi, hasa katika viwanda vya kutengeneza betri au kuyeyusha zilizochakaa. Damu hutolewa kwenye mshipa wa mkono baada ya ngozi kusafishwa vizuri, kwani vumbi la risasi likibaki hapo huharibu majibu. Kipimo huonyesha zaidi sumu iliyoingia wiki za karibuni. Ile iliyohifadhiwa mifupani hukaa miaka mingi, hivyo majibu mazuri ya leo hayafuti madhara ya zamani. Kanuni ya Marekani ya 1978 iliagiza mfanyakazi mwenye wastani wa mikrogramu 50 kwa desilita ahamishwe mbali na risasi bila kukatwa mshahara. Kiwango hicho ni kikubwa mno: figo huanza kudhurika mapema zaidi.